Posa ya Bi Time

Bi Time binti Nyange alikuwa amechoka, wala hakuficha. Tangu lilipofunguliwa darasa la walimu wa kike pale Wete, alikuwa akisomesha somo lile lile. Wakubwa wa elimu walilipa jina refu. Yeye aliliita kumjua mtoto. Lilikuwa somo la namna ya kukaa na mwanafunzi aliyenyamaza ghafla, au aliyeacha kula, au asiyeonekana tena skuli. Wasichana wake waliandika kila neno, kisha wakatoka kwenda kufanya vituko.

La kwanza alilowafunza ni kwamba mtoto hadanganywi. La pili ni namna ya kuingia nyumbani kwao: pita mlango wa uani, usiende mikono mitupu, msifu mtoto kwa mama yake, na shida iache mwisho.

Siti, aliyekuwa hodari kuliko wenzake wote, alitumwa Gando kwa kina Mwanakhamis. Msichana huyo, mwanafunzi wa skuli ya watoto ambako kina Siti walifanyia mazoezi ya ualimu, hakuwa amefungua mdomo darasani tangu bibi yake afariki, na sasa hata kuja alikuwa haji. Siti akafuata mafunzo kama alivyofunzwa. Alipita uani. Alichukua tambuu na popoo za kutafuna. Alimweleza mama mtu, Bi Kijakazi, kwamba ametumwa na Bi Time, kisha akamsifu Mwanakhamis: adabu yake, utulivu wake, mikono yake myepesi kwenye kusuka ukili wa mikeka. Akauliza umri wake. Kabla hajaifikia shida yenyewe jirani akaingia, Siti akaona haya, akaaga.

Sasa muulize Mpemba yeyote. Mwanamke mgeni anapita uani na tambuu mkononi, anamsifu mwari na kuuliza umri wake. Kaja kufanya nini?

Haukupita muda, ami yake Mwanakhamis akafika Wete na kanzu yake ya Ijumaa. Alimwambia Bi Time kwamba jamaa wamekaa, wameridhika, na posa yake imekubaliwa. Mwari ameshawekwa ndani, na mambo ya skuli yamekwisha.

Bi Time alikasirika mpaka akacheka. Alimuuliza Siti ni nani aliyemwambia abebe tambuu, kana kwamba ndizi hazipo Pemba nzima. Siti alilia, na Bi Time hakuwa na nguvu za kumbembeleza. Mtoto aliyetakiwa kurudishwa skuli alikuwa amefungiwa ndani kwa somo la Bi Time mwenyewe.

Akaenda Gando, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, magoti yakimuuma. Alikuwa amekata shauri kusema kweli na kuomba radhi. Lakini alipofika alikuta ametandikiwa mkeka mpya, na majirani wamejaa uani kuja kumtazama mkwe. Mwari aliyeposwa kisha akaachwa husemwa kijiji kizima, ana kasoro gani, ana maradhi gani. Na huyu tayari alikuwa haongei.

"Siye tumeridhika, Bi Time," alisema Bi Kijakazi. "Lakini huyo mume ni nani?"

Bi Time alitazama mlango wa ndani. Pazia lilikuwa likitikisika kidogo.

"Himid, mtoto wa ndugu yangu, yuko Unguja," alisema. "Ila upande wetu tuna sharti. Twataka mke aliyemaliza skuli. Mpaka hapo asitawishwe, asifungiwe ndani."

Jamaa walishauriana, wakaona sharti la mwenye posa halikataliki. Himid mwenyewe hakujua lolote. Alikuwa na mchumba wake huko huko Unguja, na harusi ilikuwa karibu.

Wiki iliyofuata Mwanakhamis alikuwa kwenye benchi lake, kasukwa nywele, kavaa kanga mpya. Siti alimnong'oneza Bi Time, akamuuliza kama habari ya sharti nayo aiandike kwenye mafunzo. Bi Time alimwambia afunge daftari.

Watoto walipotoka, Mwanakhamis alibaki nyuma. Alikuja mpaka kwenye meza, kainamisha kichwa, anatabasamu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Shikamoo, mkwe," alisema. "Mwambie Himid n'tasoma sana."

Siti alipiga makofi kwa furaha. Bi Time aliitikia marahaba, akatafuta kiti.