Pandu Aozesha Akiwa Uzioni

Jumapili Zainabu aliwahi kufunga marobota yake ya nguo pale Zhanqian Road, mtaa wa maduka ya nguo nchini China, akavaa baibui safi, akapanda metro mpaka mwisho wa njia, akakata tiketi ya bustani ya Waswidi. Ndani mlikuwa na nyumba nyekundu za mbao zilizoletwa vipande vipande kutoka Uswidi, kinu cha upepo, dubu wawili waliozidiwa na joto la Guangzhou, na kulungu wa nchi za baridi. Miongoni mwa kulungu hao alikuwemo mumewe, Pandu.

Pandu aliajiriwa pale kulinda geti. Laoban, yaani tajiri wao, aliichukua pasipoti yake amuwekee, na mpaka leo anamuwekea. Mvua zilipoanza, pembe zikamwota. Laoban alizitazama, akamvua sare, akamhamishia ndani ya uzio. Wenzake getini walimsaidia kubeba godoro.

"Umekonda weye," Zainabu alisema, akimpitishia chapati kwenye waya.

"Majani tu hapa. Hata chumvi hawatii."

Sauti ilimkwaruza, na maneno siku hizi yalimtoka kwa taabu. Ndiyo maana Zainabu alikuwa na haraka. Kule Unguja ilikuwa asubuhi, bwana harusi keshakaa mkekani, na binti yao Lulu ameapa haolewi mpaka baba yake mzazi atoe idhini kwa mdomo wake mwenyewe.

Zainabu akapiga simu ya video. Sheikh alitokea, akaziona pembe, akasema, "Mashaallah, Bwana Pandu. Haya, tunakusikiliza."

Pandu akaitikia kwa kichwa. Pembe zikagonga waya.

"Kichwa hakitoshi," alisema Sheikh. "Nataka neno."

Pandu akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Zainabu akausogelea waya. "Jamani, Pandu! Mwanao huyo! Jikaze!"

Akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Nimekuwakilisha," alisema. "Uniozeshee... Lulu."

Simu ikajaa vigelegele. Nikaha ikafungwa palepale, Zainabu mkono umemuuma kwa kushikilia simu. Kisha akatokea Lulu, wanja umemvuja.

"Baba, pembe zimekupendeza. Utarudi lini?"

Zainabu akageuka. Laoban alikuwa mlangoni pa ofisi yake, akitafuna mbegu za alizeti.

"Laoban, pasipoti yake?"

"Meiyou," alijibu Laoban. Hakuna. Alijibu hivyo kila Jumapili, wala hakuwa na hasira.

Pandu akafungua mdomo amjibu mwanawe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kulungu, ndefu, nzito. Wageni wakasogea na simu zao kurekodi.

"Anasema nini, Mama?"

"Anasema mkae kwa wema," alijibu Zainabu, machozi yakimtiririka, akakata simu.

Akamlisha kipande cha chapati kilichobaki. Jumapili ijayo atamletea chumvi.