Mkono wa Saba

Alhamisi, saa saba kasoro dakika tano mchana, mpiga pasi aliizima pasi ya mvuke, akatundika shati la mwisho kwenye henga, akamwambia mwenye duka la dobi kwamba anatoka kwenda kula.

"Kula wapi?"

"Kwa wale Wathai."

"Wewe na vyakula vya kigeni tangu lini?"

"Anayepika ni mdogo wangu," alisema mpiga pasi, akachukua mkoba.

Mkahawa ulikuwa mitaa miwili mbele, kati ya duka la miwani na ofisi ya wakili. Ulikuwa na meza tisa, na ulikuwa mali ya familia. Baba alikaa kaunta. Mama alisimamia jiko. Kijana wao alikwenda sokoni alfajiri, na kuanzia saa nne asubuhi alisoma gazeti. Mke wa kijana huyo alifanya yaliyobaki. Mke huyo ndiye mdogo wake mpiga pasi, mtoto wa mwisho kwa mama yao, na tangu utotoni walimwita Kitinda.

Sasa hayo yaliyobaki yalikuwa mengi, jamani. Ndiyo maana mwaka wa kwanza wa ndoa, Kitinda alipoota mkono wa tatu chini kidogo ya kwapa la kulia, hakuna aliyeshtuka. Mama mkwe alimshonea blauzi mpya na kumpa kisu cha pili. Mwaka uliofuata ukaota wa nne, upande wa pili, ili mwili usipinde. Sasa ndoa ilikuwa na miaka mitano na mikono ilikuwa saba. Mmoja ulitwanga pilipili kwenye kinu. Mmoja ulikata mchaichai, mmoja ulikoroga mchuzi wa nazi ili tui lisikatike, mmoja ulikaanga tambi, mmoja uliosha vyombo na mmoja ulipeleka sahani mezani. Wa saba ulikuwa na miezi mitatu tu, ukifundishwa kukunja leso za karatasi. Mama mkwe mwenyewe enzi zake alifikisha tisa, na yote iliyozidi ilipukutika mmoja mmoja alipopata mkaza mwana. Kijana hakuwahi kuota hata ukucha wa ziada. Wateja walisifu kwamba pale mtu hakawizwi.

Sheria ya mkahawa ilikuwa moja: mwenye kuhudumu haketi na mteja, awe nani. Anaruhusiwa kusimama muda wa kuweka sahani na kueleza kilichomo. Mpiga pasi aliijua sheria hiyo kwa miaka mitano, kwa hiyo hakuagiza chakula kwa pamoja kama watu wengine. Aliagiza kimoja, akala, akaagiza kingine, na hivyo ndivyo alivyoongea na mdogo wake.

Alianza na supu. Kitinda alikuja nayo, huku mikono miwili ikiendelea kukata ndimu juu ya kibao kidogo alichokuja nacho.

"Supu ya uyoga na mchaichai, kali," alisema kwa sauti. Kisha akashusha sauti. "Mama vipi?"

"Hana hali. Daktari amesema Jumapili ni mbali."

Ndimu zilikatwa vipande vinne, vikawa vinane.

"Anasemaje?"

"Anakuulizia wewe tu. Haombi kitu, anataka kukushika mkono."

Kitinda akaitwa meza ya tatu. Mpiga pasi aliinywa supu yote japo ilimchoma koo, kisha akaagiza saladi ya papai bichi.

"Nimekuja kukuchukua," alisema saladi ilipotua. "Vua hiyo aproni twende."

"Leo kumejaa, Dada."

"Kesho basi."

"Kesho Ijumaa, ndiyo mbaya zaidi. Jumamosi saa sita tuna watu thelathini wa kampuni ya bima."

"Kitinda, yule ni mama yako. Miaka mitano hujamwona. Watu wa bima ni nani kwako?"

Kitinda alitabasamu, kwa sababu mama mkwe alikuwa akitazama kutoka jikoni. Macho hayakutabasamu. "Nikitoka mimi, moto unazimika," alisema, na alichosema kilikuwa kweli, maana kwa miaka mitano hakuna mwingine aliyeuwasha.

Tambi alizileta mama mkwe mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele zilizobanwa vizuri, na chini ya makwapa alikuwa na makovu saba madogo ya mviringo yaliyoonekana alipoinama.

"Mwanangu, nimesikia mama ni mgonjwa. Pole sana," alisema, na hakuwa akiigiza, macho yalimlowa. "Wa kwangu alifariki nikikaanga samaki. Nilimpelekea mikono mitatu. Wakaniambia alifurahi."

"Mama, mimi namtaka Kitinda. Nusu siku tu."

"Akitoka yeye, kinu atatwanga nani?" Mama mkwe aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Lakini mgonjwa akiomba mkono, mkono upo. Chukueni huo wa saba, hauna kazi nzito. Ila Jumamosi kabla ya saa sita uwe hapa. Leso thelathini si mchezo."

Mpiga pasi akageukia gazeti lililokuwa meza ya pembeni. "Shemeji, na wewe husemi kitu?"

Gazeti likashuka kidogo. "Mambo ya jikoni anayajua Mama," alisema shemeji. Gazeti likapanda.

Mpiga pasi alitamani kuipindua meza. Alimchukia yule kijana na gazeti lake, akamchukia na mdogo wake kwa kutabasamu. Lakini saa ya ukutani ilisema imebaki robo saa arudi kazini, na mama yao alikuwa amelala wodi namba nne akiwa amekunjua kiganja juu ya shuka tangu Jumatatu. Akasema haya, uleteni.

Mikono inayoota ukubwani haishiki sana. Kitinda aligeuka mgongo, akauzungusha ule wa saba kuelekea nyuma, ukaachia kama jino la utotoni, bila damu. Aliufunga kwa kitambaa safi cha kufutia sahani. Mama mkwe akautia kwenye mfuko wa chakula cha kubeba, akaweka na pakiti ya pilipili, kama alivyofanya kwa kila mteja.

"Usiuache peke yake muda mrefu," alisema Kitinda. "Haujazoea kukaa bure."

Jioni ile muuguzi wa wodi alifungua daftari la wageni, akaandika: binti mmoja, mkono mmoja. Alisema wageni wawili ndio mwisho, kwa hiyo hapo wamefika.

Mama alikuwa amefumba macho. Mpiga pasi aliuweka mkono kwenye kiganja chake, na vidole vya mama vikajifunga. Alipapasa kucha, akapapasa kidole gumba kinachopinda nyuma kama chake mwenyewe.

"Kitinda huyu," alisema.

"Ndiye, Mama."

"Mbona mkono umekonda? Anakula?"

"Anakula," alijibu mpiga pasi. Hakuwa na hakika. Miaka mitano alimwona mdogo wake akipeleka chakula, hakuwahi kumwona akitia hata punje mdomoni.

Mama hakuuachia mkono usiku ule, wala Ijumaa. Jumamosi asubuhi alifariki, akiwa ameushika. Mkono ukajitoa polepole, ukamfumba macho vizuri, ukamfuta mate pembeni ya mdomo. Ukanyoosha shuka. Ukakunja pembe za shuka, kwanza huku, kisha kule. Ukaenda kwenye meza ya dawa, ukapanga chupa kwa urefu, ukapapasa ukitafuta kitu kingine cha kufanya, na kilipokosekana ukaanza kuikunja karatasi ya kuandikia joto la mgonjwa iwe leso.

"Mkono huu umelelewa," alisema muuguzi. "Hakuna mwingine kama huu wa kuajiriwa hapa?"

Mpiga pasi aliufunga kwenye kitambaa, akaondoka nao. Saa sita kasoro robo alikuwa mkahawani. Meza tisa zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja ndefu. Kitinda aliupokea mkono, akaupachika, akauzungusha mpaka ukashika.

"Ilikuwa saa nne na dakika ishirini," alisema kabla hajaambiwa. "Nilikuwa naosha wali. Alinibana mpaka vidole vikafa ganzi, halafu akaniachia."

Hapo mpiga pasi alilia, pale pale katikati ya viti. Kitinda alimkumbatia kwa mikono minne, mitatu ikaendelea kupanga vijiko. Mama mkwe naye alilia. Alileta maji, akasema leo sheria isimame, Kitinda akae na dada yake muda wote anaotaka mpaka wageni wafike. Wageni walikuwa wanafika baada ya dakika kumi.

Walikaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano walitazamana wakiwa kimo kimoja. Mpiga pasi aliona kwamba mdogo wake alikuwa na mvi.

"Tunazika lini?" aliuliza Kitinda.

"Jumanne. Saa saba mchana."

Mlangoni watu wa bima walikuwa wameanza kuingia, na vitambulisho shingoni. Mkono mmoja wa Kitinda ulikuwa umeshavuta kiti cha mgeni wa kwanza.

"Saa saba ndiyo saa ya watu kula," alisema Kitinda. Alinyanyuka, akakaza kamba za aproni. "Nitakupa miwili, Dada. Mmoja umwage udongo. Mwingine ukushike wewe."