Macho ya Mama Barabarani

Baba, dereva wa malori aliyestaafu, hakutaka hata kusikia habari za feri. Kila mwaka alitupeleka kwa gari hadi nchi jirani kwa dada yangu, mwendo wa saa kumi na nne, gari limejaa wajukuu.

"Feri ni mwendo wa saa sita tu, baba," nilimwambia tukiwa sebuleni. "Na wewe utapumzika."

"Barabara ile ya milimani naijua nje ndani. Tutakwenda kwa gari, basi."

Mama akaacha kukunja nguo. "Baba watoto, mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Baba akatazama dirishani. Mama akanigeukia.

"Baba yako haoni vizuri, mwanangu. Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilikuwa namwambia kona hii hapa, lori linakuja, shika kushoto."

Nikakaa. Siku ile nilikuwa kiti cha nyuma, nimempakata mwanangu, tukimcheka mama kwamba mdomo wake haupumziki.

"Mama, tulikuwa watu saba ndani ya gari lile."

"Najua. Nilishindwa kumwaibisha."

Baba akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza.

"Kata tiketi za feri," alisema bila kuniangalia.

Wiki iliyofuata tulivuka. Bahari ilikuwa shwari na watoto walicheza, lakini mimi niliendelea kuziona zile kona za milimani, moja baada ya nyingine.