Makufuli Mawili kwenye Wodi ya Wazazi

Wodi mpya ya wazazi ilikamilika miezi miwili kabla ya uchaguzi. Rangi ilishakauka, vitanda sita vilikuwa ndani na magodoro yao bado yamo kwenye nailoni, na ukichungulia dirishani uliiona mashine ya oksijeni kwenye kona, imefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Mlango wake ulikuwa na makufuli mawili. La juu lilikuwa la Kigogo, la chini la Damu Mpya. Zahanati nzima, tangu daktari mkuu hadi mfagiaji, hapakuwa na mwenye ufunguo hata mmoja.

Hao wawili walikuwa watu wa chama kimoja. Kigogo alikuwa mbunge kwa miaka kumi na mitano. Damu Mpya ndiye aliyemsimamia kampeni zake zote, mpaka siku alipoamka na kuona kwamba kiti kile kingemtosha yeye pia. Walimwita Damu Mpya ingawa alikuwa na miaka hamsini na minne na magoti yake yalilia kila alipopanda jukwaa. Chama kilishindwa kuchagua kati yao, kikawaacha wagombee wote wawili. Katika duru ya kwanza wagombea wa vyama vingine walianguka chali, na sheria ikataka wawili wa juu warudiane. Basi ikawa fulana za rangi moja, wimbo mmoja, salamu moja ya kunyoosha ngumi. Watu walitania kwamba ukitaka kumjua mtu yuko upande gani, msubiri aanze kutukana.

Jengo lilijengwa kwa fedha za jimbo, lakini Kigogo alilisimulia mikutanoni kana kwamba matofali aliyafyatua mwenyewe. Vifaa vya ndani vililetwa na Damu Mpya kutoka kwa wafadhili aliowajua yeye. Kigogo alipotangaza siku ya uzinduzi, Damu Mpya akaja na kufuli: vitanda vyake havizinduliwi na mtu mwingine. Kesho yake Kigogo akaweka lake juu ya lile: jengo lake haliingiwi na mtu.

"Wapiganapo tembo, sisi nyasi tuinamie upande upepo unakoelekea," alisema daktari mkuu, mtu mpole aliyebakiza miaka miwili kustaafu.

"Nyasi hazizai, daktari," alijibu mkunga. "Wanaozaa ni watu."

Mkunga huyo alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini. Wagonjwa walimwita Sista, na wale aliowazalisha walimwogopa kidogo, kwa sababu alikuwa na sauti ya kumfanya hata mume aliyelewa asimame wima. Chumba chake cha kuzalishia kilikuwa na vitanda viwili, na dari juu ya kimoja ilikuwa imeporomoka tangu mvua zilizopita. Siku ya wanawake watatu, wa tatu alizalia kwenye korido, nyuma ya shuka lililoshikwa na ndugu zake, huku hatua nne kutoka hapo watu wakisubiri kupimwa homa na kujifanya hawasikii.

Aliandika barua, haikujibiwa. Akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampeni ya Kigogo, akakalishwa kwenye benchi kwa saa mbili.

"Mama, subira huvuta heri," Kigogo alimwambia hatimaye, simu moja sikioni na nyingine mkononi. "Wiki tatu tu, kura zipite."

"Mheshimiwa, mimba haijui tarehe ya kura."

Kigogo alicheka, akadhani ni mzaha.

Damu Mpya alimpokea vizuri zaidi, hata soda akapewa. "Dada yangu, roho inaniuma kuliko wewe," alisema, mkono kifuani. "Lakini nikifungua leo, kesho yule mzee atasimama pale apigwe picha. Nipande mimi, avune yeye?"

Mkunga aliiacha ile soda mezani bila kuigusa, akarudi kazini kwa miguu. Njia nzima alikuwa akijisemea peke yake, mpaka mwuza maji mmoja akamsogelea kumuuliza kama yuko salama.

Ikafika Alhamisi, siku kumi kabla ya kura. Saa nne asubuhi aliletwa fundi cherehani mmoja, mwanamke mdogo mwenye mimba ya miezi saba na kidogo. Uchungu ulimshika akiwa amekalia mashine anashona bendera za chama kwa ajili ya mkutano wa mwisho. Vipande vya uzi vilikuwa bado vimemganda kwenye gauni. Mama mkwe wake alikuwa amemshika kwapani, anamwombea kwa sauti.

Mtoto alitoka upesi kuliko walivyotarajia. Alikuwa wa kike, mdogo kama kiganja na nusu, na hakulia. Mkunga akamfuta, akamsugua mgongo, akamgeuza. Kimya. Akachukua mfuko wa kupulizia hewa, akamfunika mdomo na pua, akaanza kubonyeza taratibu. Kifua kilipanda. Akiacha, midomo ilikuwa ikigeuka rangi ya jivu.

"Mtungi!" aliita.

"Mtungi wa oksijeni uliisha juzi, Sista," alijibu nesi msaidizi, macho yamemtoka. "Tuliandika kuomba mwingine."

Mashine ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Mkunga hakuweza kuuacha ule mfuko hata kwa kufumba na kufumbua, basi nesi akapiga simu na kumshikia sikioni.

Simu ya Kigogo ilipokewa na katibu wake. "Mheshimiwa yuko jukwaani. Na hata tukileta ufunguo, si mpaka yule mwingine aondoe lake? Muulizeni kwanza yeye."

Ya Damu Mpya aliipokea mwenyewe. "Dada, mimi niko tayari sasa hivi! Ila la juu likifunguliwa ndipo nije. Sitaki kuonekana nimetangulia kuvunja makubaliano."

"Makubaliano gani? Na nani?" mkunga alipaza sauti, mkono wake ukiendelea kubonyeza. "Nina mtoto hapa anakufa!"

"Usinipandishie sauti, dada. Mimi ni mtu mzima."

Mkunga aliisukuma simu kwa shavu ikaanguka sakafuni. Hasira iliyompanda haikuwa ile ya kelele. "Nenda kwa shemeji yangu," alimwambia nesi. "Mwambie aje na grainda, akate makufuli. Mbio."

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa na kibanda mkabala na geti la zahanati. Alikuja anahema, grainda mkononi, waya mrefu wa umeme begani, na kifuani fulana mpya yenye picha ya Kigogo anatabasamu. Alipoambiwa kazi yenyewe, akasita mlangoni.

"Shemeji, lile la juu ni la Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemtengenezea mageti ya kwake. Nitaonekanaje?"

"Shemeji, njoo uangalie hapa."

Akaja. Akamtazama yule mtoto, mguu wake mwembamba kama kidole cha mtu mzima, na kile kifua kinachopanda kwa mkono wa mtu mwingine. Alichomeka waya kwenye soketi ya korido, na wagonjwa wa homa wakasogea kumpisha. Cheche ziliruka, kufuli la juu likaanguka, la chini likafuata. Mtu mmoja kwenye foleni akapiga makofi, wenzake wakamwambia anyamaze.

Walimbeba mtoto huku wakimpulizia hewa hatua kwa hatua. Nesi aliukata ule utepe mwekundu kwa mkasi wa kitovu. Mashine ikanguruma. Baada ya muda ambao mkunga hakuweza kuukadiria, midomo ikaanza kurudisha rangi, na yule mtoto akatoa sauti nyembamba, kama paka aliyekanyagwa mkia chumba cha pili. Mama mkwe alikaa chini sakafuni palepale na kulia.

Saa saba mchana Kigogo aliwasili na mpiga picha. Nusu saa baadaye akaja Damu Mpya na wapiga picha wawili. Wakakutana katikati ya vitanda, kando ya kile alicholazwa fundi cherehani na mtoto wake.

"Ameokolewa kwenye jengo langu," alisema Kigogo.

"Anapumua kwa mashine yangu," alisema Damu Mpya.

"Nipeni nimshike kidogo," Kigogo alimwambia fundi cherehani, tayari amenyoosha mikono.

Mkunga akasimama kati yao na kitanda. "Hashikwi na mtu. Hata mikono hujanawa. Toka."

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na watu wawili waliokataa kuleta funguo. Huyu mama alikuwa anashona bendera zenu. Zenu nyote wawili, maana ni bendera moja! Mmegombania nini hasa? Mngegombania nani awe wa kwanza kufungua, ningewaelewa. Tokeni, wagonjwa wangu wanapumzika."

Walitoka. Nje kwenye ngazi walisikika wakilaumiana, kisha sauti zikashuka, kisha zikawa za kawaida kabisa.

Jumatatu ilifika barua ya malalamiko kwenye ofisi ya afya ya wilaya: uharibifu wa mali, utovu wa adabu kwa viongozi, na kujiingiza katika siasa wakati wa kazi. Ilikuwa na sahihi mbili chini, ubavu kwa ubavu. Katika kampeni nzima, hiyo ndiyo karatasi pekee waliyokubaliana juu yake.

Mkunga aliisoma mbele ya kamati ya nidhamu ya watu watano, akairudia ile sehemu ya siasa.

"Nilimojiingiza ni katika kuzalisha," alisema. "Mkitaka kuniandikia kosa, andikeni kwamba nilichelewa. Ningeyakata makufuli yale siku ya kwanza. Wako wanawake kumi na mmoja waliozalia korido nikiwa naandika barua za adabu. Hilo najilaumu, na hilo hamjaniuliza."

Daktari mkuu, aliyeitwa kama shahidi, aliinua mkono polepole. "Nami niandikeni," alisema. "Mimi ndiye mkubwa wake, na nilinyamaza." Ndilo jambo la ushujaa alilofanya mwaka ule.

Walimsimamisha mkunga kazi mwezi mmoja na kumpa onyo la mwisho. Daktari alipewa onyo la kwanza.

Damu Mpya alishinda kwa kura mia mbili na kidogo. Wiki haikupita, chama kikamfanya Kigogo mwenyekiti wa mkoa, na gazeti likatoa picha yao wamekumbatiana, wamecheka mpaka magego. Shemeji alimletea mkunga lile gazeti nyumbani, akalitandika mezani. Fulana alikwisha kuigeuza tambara la kufutia grisi.

"Sasa tulikuwa tunapigania nini, shemeji?" aliuliza. "Mimi na jirani yangu hatusalimiani mpaka leo."

"Nenda kamsalimie," mkunga alimwambia. "Wao walishasalimiana."

Aliporudi kazini, vitanda vyote sita vilikuwa na watu. Hakuna aliyethubutu kufunga tena mlango ule. Fundi cherehani alikuja kliniki na binti yake, sasa amenenepa mashavu, na mkunga alimpima uzito mara mbili, ingawa mara moja ingetosha.

Mwezi uliofuata mbunge mpya na mwenyekiti mpya wakaja kuizindua wodi. Daktari aliomba wagonjwa wahamishiwe chumba cha zamani kwa saa moja tu, wageni wapite. Mkunga alikataa, alikuwa na mama wa mimba ya kwanza, njia imeshafunguka. Basi wakakata utepe nje, kwenye geti. Hotuba ziliingia kupitia dirishani na vipaza sauti vyao, na yule mama kitandani akashindwa kusikia anachoambiwa.

Mkunga alikwenda kulifunga dirisha. Akarudi, akamshika mkono.

"Achana na hao," alimwambia. "Nisikilize mimi. Vuta pumzi."