Tazama Ukurasa wa Arobaini

Je, umewahi kuelekezwa kwenye ukurasa usiokuwepo? Ndivyo maelezo ya mzee yalivyokuwa. Enzi zake ofisini aliandika kitabu kizima cha amri za kompyuta, na kila amri aliimalizia kwa "tazama ukurasa wa arobaini" au mwingineo. Siku hizi maelezo hayo yanasomwa kwenye skrini, na skrini haina kurasa.

Binti yake, aliyeirithi kazi ile, alikuwa akiyanyoosha mezani sebuleni. Amri alizitia herufi nzito, na penye namba ya ukurasa akaweka jina la amri inayotajwa, ukiligusa linakupeleka kwenye maelezo yake. Mzee alizunguka nyuma ya kiti kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Sisi tulilamba kidole tukafunua," alisema. "Ukishindwa, unakuja kuniuliza."

"Ndiyo maana ulikuwa unarudi usiku, baba!" binti alicheka. "Imebaki sura moja tu. Nenda kapumzike."

Moja tu, kisha hakuna atakayemuuliza tena. Mzee alivuta kiti, akafuta miwani.

"Mama," alimwita bintiye kama zamani, "sitaki kupumzika. Nilitaka tuifanye sote wawili."