Mguu wa Loïc na Mimba ya Houda

Burse ya Houda, ufadhili wake wa masomo, ilikatwa mwezi ule ule tumbo lake lilipoanza kuonekana chini ya koti jeupe. Profesa Adrien, mkuu wa programu, alimwita ofisini, akamkalisha, akamwagizia chai, na kabla ya lolote akampa hongera.

"Mtoto ni baraka," alisema. "Hata mke wangu alifurahi nilipomwambia."

Houda alishukuru. Bado hakujua ameitiwa nini. Alidhani ni habari ya ripoti ya utafiti, na alikuwa amekuja nayo kwapani.

Alikuwa mmoja wa wanafunzi wachache waliochaguliwa kusomea udaktari na utafiti kwa pamoja. Mtu alisoma udaktari miaka minne, akatoka wodini miaka mitatu kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu, kisha akarudi wodini kumalizia. Wafadhili wa nje walilipa yote: karo ya udaktari, karo ya utafiti, na posho ya kuishi, kwa sharti kwamba mwanafunzi asishike kazi nyingine ya mshahara. Houda, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, alikuwa katika mwaka wa pili wa utafiti. Alichunguza upungufu wa damu kwa wanawake wajawazito wa mtaa wa Mutakura, na kazi ilikuwa inamwendea vizuri.

"Sasa," Profesa akaendelea kwa kile Kifaransa chake cha taratibu, "kanuni inasema mwanafunzi asikatize utafiti zaidi ya wiki sita. Wewe utajifungua, utanyonyesha. Tumeona heri tusimamishe burse mapema, mambo yasije yakaharibika katikati. Ukishapata nafuu, utaomba upya. Nafasi ikiwepo."

"Nafuu ya nini, Profesa? Siumwi."

"Usilichukulie vibaya."

"Na wanawake wangu?"

"Mwenzako Loïc ataendelea nao. Damu haiwezi kusubiri, unalijua hilo kuliko mimi."

Houda alimtazama mtu yule akikoroga chai. Katika maombi ya fedha za programu kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba mwanamke mjamzito wa Bujumbura amesahauliwa mno na sayansi. Sentensi hiyo aliiandika yeye Houda, na Profesa aliisifu mbele ya watu.

"Mnataka damu ya wajawazito," alisema, "lakini mjamzito mwenyewe hamumtaki."

Profesa alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia utani wa mtoto, akatazama saa yake.

Nyumbani Mutakura, mumewe Tajudini alikuwa mbele ya mlango amechuchumaa kwenye pikipiki ya mteja. Alimsikiliza mpaka mwisho, spana mkononi.

"Basi urudi hospitali," alisema. "Umalize, ukuwe dokta kama bengine. Hizi recherche zako, utafiti kila siku, mi sijawahi kuona mwisho wake."

"Nitarudi na nini? Burse ni ile ile moja. Ndiyo inalipa recherche, ndiyo inalipa na hospitali. Wamekata huku, na kule kumekatika."

"Tutalipa sisi."

"Na nini, Tajudini?"

Tajudini aliitazama pikipiki iliyofunguliwa matumbo. Houda aliona kitu usoni mwake kilichomchoma kuliko maneno yote ya Profesa. Aliona ahueni.

"We umefurahi."

"Sijafurahi. Ila unachoka. Kila siku unarudi miguu imevimba."

"Miguu ni yangu."

Houda aliingia ndani kupika.

Kesho yake Houda alikwenda kwenye kituo cha afya alikofanyia utafiti, kuchukua vitu vyake. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye benchi kama kawaida, wakamuuliza mbona anafunga mfuko. Alitakiwa aseme anakwenda likizo; ndivyo Profesa alivyomwomba. Lakini usiku kucha alikuwa ameyameza maneno, na sasa hakuweza tena.

"Wamenikata sababu ya mimba," alisema, na hakusema kwa sauti ndogo. "Wanasema mwenye mimba hawezi kazi."

Wanawake wakatazamana. Mmoja wao, Mwantum, aliyekuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kumbe na sisi tumekatwa," alisema.

Maneno hayo yalimpoza Houda moyo, akaondoka kituoni kichwa juu.

Hazikupita wiki nyingi Loïc akaja. Yeye na Houda walikuwa wameanza chuo mwaka ule ule, wakasomea vitabu vile vile kwa zamu. Alikuja alasiri na gari la baba yake kutoka Kibenga, mtaa wa matajiri, akaliegesha mbali na pikipiki za Tajudini zisije zikalipaka oili. Alichechemea kidogo. Mwaka uliotangulia alivunjika mguu kwenye mchezo wa mpira ufukweni, na haukuunga vizuri.

"Wamama hawaji," alisema. "Benchi iko tupu. Wachache wanaokuja, nikishika sindano wananiuliza uko wapi. Ungewaambia neno moja tu, Houda."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mimi si mtu mbaya."

Houda nusura acheke. "Kanuni ni wiki sita, Loïc. Mi sijakosa hata siku moja. Wamenikata kwa siku ambazo hazijafika."

Loïc aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu ambaye aibu ikimshika hawezi kunyamaza. "Hata mimi nilishangaa. Mguu wangu ulipovunjika nilikaa nyumbani miezi minne, na pesa iliingia kila mwezi. Profesa alikuja hadi nyumbani kuniona, na matunda."

Miezi ile minne Houda ndiye aliyekuwa akiangalia sampuli za Loïc maabara, bila kuombwa na mtu, ili kazi yake isioze. Alidhani Loïc amesimamishiwa burse. Alikuwa hata amemwonea huruma.

"Ulilipwa yote?"

"Yote."

"Ukasikia mimi nimekatwa, ukakubali wanawake wangu."

"Ningekataa wangempa mwingine."

"Ungekataa kwanza, tukaona. Toka, Loïc."

Alitoka. Tajudini, aliyesikia kila neno kutoka pale alipokuwa akiziba tairi, alijifuta mikono polepole.

"Miezi ine?"

"Mine."

"Kwa mupira," alisema Tajudini. Aliitazama njia ambayo gari lilipitia. Tangu siku ile hakumwambia tena mkewe aiache recherche.

Aliyepiga simu baadaye alikuwa Candide, mkunga wa kituo. Alisema Mwantum hajaonekana. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa kimeshuka vibaya, akapewa siku ya kurudi, hakurudi, na simu yake haipatikani. "Niko peke yangu hapa, siwezi kuacha wanaozaa," Candide alisema. "Na we ndiye unajua kwake."

Houda alimkuta Mwantum amelala kwenye mkeka, beseni la ndagala limefunikwa pembeni. Alimvuta kope la chini. Ndani hakukuwa na wekundu. Mishipa ya shingo ilikuwa inapiga kama ya mtu aliyepanda mlima, na hali amelala tu.

"Mbona hukurudi kituo?"

"Walikufukuza sababu ya mimba," Mwantum alisema, akipumzika kila baada ya neno au mawili. "Sasa yangu... wanaitakia nini?"

Yalikuwa maneno yake mwenyewe Houda, yale aliyoyamwaga pale kwenye benchi ili apoe. Mwantum alikuwa ameyachukua akaenda nayo nyumbani, akalala nayo. Hasira zilimpanda Houda. Alimkasirikia Mwantum kwa kumwamini kiasi hicho. Alimkasirikia Adrien na chai yake. Alijikasirikia yeye kuliko wote.

"Nilisema wamenikata mimi. Sikusema we ujiue."

"Ulikuwa na hasira."

"Bado niko nazo. Simama. Nishike hapa."

Houda alimpigia simu Tajudini, naye akaazima gari la jirani bila kungoja jirani amalize kuuliza. Hospitalini damu ilipatikana, chupa ya kwanza, kisha ya pili. Houda alikaa kitini kando ya kitanda akiyatazama matone, mkono mmoja juu ya tumbo lake, mwingine juu ya la Mwantum, mpaka alipomsikia mtoto wa Mwantum akigeuka. Asubuhi Mwantum aliweza kusema sentensi nzima bila kupumzika. Sentensi hiyo ilikuwa ya kuuliza ndagala zake amebaki nazo nani.

Houda alikuwa anatoka wodini alipokutana na Profesa Adrien akipita na wanafunzi wake, Loïc akiwa miongoni mwao. Profesa alimvuta kando, ingawa si mbali sana.

"Nimesikia. Umefanya vema kabisa. Hii inaonyesha jinsi utafiti unavyokuhitaji," alisema. "Nami nimefikiria. Tunalo fungu dogo la wahamasishaji, wale wamama wanaopita mitaani na kipaza sauti siku za chanjo. Nitakuingiza humo. Utatuletea wanawake, utapata posho ya siku, mpaka utakapojifungua."

Alilisema kwa moyo mweupe. Hilo ndilo lililomkata Houda maini. Mtu yule aliamini anamsaidia.

Miaka yote aliyosoma, katika korido ile ya hospitali Houda alikuwa ameongea Kifaransa tu. Sasa alijibu kwa Kiswahili, kile cha kwao, na ndugu wa wagonjwa waliokaa sakafuni wakainua vichwa.

"Profesa, mi nitakuuliza kitu kimoja mbele ya hawa bamama. Loïc alivunjika mguu kwa mupira. Akalala nyumbani miezi ine. Mulimukata burse?"

"Houda, hapa si mahali pake."

"Mulimukata?"

"Ule ulikuwa ugonjwa. Ni jambo tofauti."

"Yeye mguu ulivunjika, mukamupelekea matunda. Mi sina kitu kimevunjika. Nimesimama hapa mbele yako. Jana nimebeba mugonjwa wenu, mwenye mulimupoteza, na bado unaniambia nishike kipaza sauti."

Mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi aliacha kisu hewani. Wanafunzi wote wakamgeukia Loïc. Loïc alitazama viatu vyake, na safari hii, yeye asiyeweza kunyamaza, alinyamaza.

"Tutaongea ofisini," alisema Profesa, akaenda zake. Wanafunzi wakamfuata, Loïc akiwa wa mwisho kwa kule kuchechemea kwake. Houda aliuchukia mwendo ule. Aliona aibu kuuchukia mguu wa mtu, na akaendelea kuuchukia.

Ofisini hakwenda. Aliomba asikilizwe na kamati ya chuo inayosimamia burse, akazungushwa, akarudi, akazungushwa tena, tumbo likizidi kutangulia mbele. Alipoitwa mwishowe, alimkuta Loïc amekaa kwenye kiti cha nje. Hakuna aliyemwita. Aliomba aingie, akasema mbele ya kamati kwamba yeye alilipwa miezi yote ya mguu, na kwamba wakati huo Houda ndiye aliyeokoa sampuli zake. Alisema akiitazama meza. Alipotoka hakumngoja Houda, na Houda hakumwita.

Kamati iliamua kumrudishia burse. Iliitwa huruma, kwa sababu ya hali yake ya pekee. Miezi iliyokatwa haikurudishwa. Utafiti ulibaki na jina la Loïc mbele, maana lilikuwa limeshapelekwa kwa wafadhili, na la Houda likawekwa nyuma yake. Kuhusu kanuni, walisema itatazamwa. Mwenyekiti alimwambia ana bahati, na Houda alilazimika kushika ukingo wa meza ili asijibu.

Mwantum alijifungua mtoto wa kiume, mdogo lakini mkali wa kulia. Houda akafuata, akapata msichana. Wiki sita zilipokaribia kwisha alirudi kituoni, huku maziwa yakimlowesha nguo, mtoto amemwacha kwa mama mkwe wake nyumba ya tatu kutoka hapo, ili akimbie kumnyonyesha kila anapopata upenyo. Wanawake walikuwa wameanza kurudi kwenye benchi. Loïc alimpisha kiti chake bila neno, akahamia kwenye meza ya mirija ya damu. Walifanya kazi hivyo, wakiongea ya kazi tu.

Siku moja Profesa Adrien alikuja na mgeni, bwana mmoja mrefu aliyetumwa na wafadhili. Houda aliwakuta getini akitoka kunyonyesha.

"Huyu ndiye Madame Houda," Profesa alimwambia mgeni kwa Kifaransa. "Mfano mzuri wa jinsi programu yetu inavyowabeba akina mama." Kisha akamgeukia Houda, akaingia Kiswahili na kushusha sauti: "Yaliyopita yamepita, sivyo?"

Houda alimpa mgeni mkono. Profesa hakumpa.

"Apana," alisema. "Hayajapita. Kanuni yenu iko vile vile. Na mwaka huu mumechukua wasichana wengine wawili kwenye programu."

Mgeni alitabasamu, akamtazama Profesa ili amtafsirie. Profesa alianza kuongea juu ya jua na joto la mchana. Basi Houda akayarudia yeye mwenyewe kwa Kifaransa, taratibu, tangu chai ya ofisini mpaka mguu wa Loïc, bila kuacha kitu. Mgeni aliacha kutabasamu. Aliuliza swali moja, akajibiwa; akauliza la pili.

Houda alipomaliza aliingia ndani, akavaa koti lake, akamwita mwanamke wa kwanza kwenye benchi.