Mita Mia Saba

Jumatatu ya pili ya Agosti 2021, Kyakimwa alipimwa korona puani kwenye maegesho ya nyumba ya wazee huko Smithfield, Australia, kama alivyopimwa kila siku ya tatu, akafuta machozi, akavaa gauni la plastiki, glavu, barakoa na ngao ya uso, akapeleka uji chumba namba kumi na nne. Ukuta wa upande wa kabati haukuwepo. Mahali pake palikuwa na njia ya mawe iliyopanda mlima, na ukungu ulikuwa umeingia ukalowesha shuka. Kyakimwa alibadilisha shuka. Kwenye daftari la zamu aliandika: shuka zimelowa, umande.

Chumba kilikuwa cha Mzee Ndue, mwenye miaka themanini na tisa. Jerotich, nesi wa zamu, Mkenya wa Eldoret, alipolisoma jina hilo mara ya kwanza alidhani ni Mkamba, akaja mbio kumsalimia, akakuta mzungu. Mzee alikuwa mtu wa Albania, nchi ndogo ya milima huko Balkani, ambayo aliikimbia akiwa kijana na hakuirudia. Kwa miaka arobaini alimwahidi binti yake Lule kwamba wataizuru pamoja, watembee kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wale jibini ya kwao, wasikie wazee wakiimba. Tiketi zilikuwa za Mei 2020. Mipaka ilifungwa Machi, mzee akaanguka bafuni Juni akavunjika nyonga, na buti zake mpya za mlimani zikaja naye kwenye nyumba ya wazee zikiwa bado na karatasi ndani.

Lule aliishi Bankstown, si mbali kwa gari, na alikuwa hajamwona baba yake kwa wiki saba. Wageni hawakuruhusiwa, isipokuwa kwa anayekaribia kufa, na lazima daktari athibitishe. Daktari alimpima mzee mara mbili. Mara zote mbili alimkuta mzima kupita kiasi.

Jerotich alikuja kuitazama njia. Aliikanyaga kwa ncha ya kiatu, akamwita Kyakimwa kwa jina la bintiye.

"Mama Ornella, hii sasa ni maintenance ama ni incident?"

"Sijue, nesi. Nimeikuta tu."

"Wacha niandikie manager. Mimi siwezi sign kitu sijaelewa."

Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. Uongozi haukuwa na pingamizi. Mazoezi ya nje yaliruhusiwa na sheria ya serikali, mkazi mmoja na mhudumu mmoja, kwa barakoa, mradi wasivuke kilomita tano kutoka kwenye jengo.

Basi kila saa tisa alasiri, ambayo kule juu ilikuwa saa moja asubuhi, Kyakimwa alimvalisha mzee buti zake, wakatoka. Mzee alianza na kigari chake cha kutembelea, lakini baada ya kona ya kwanza nyonga iliacha kumuuma na akapanda kama mbuzi, kigari amekibeba begani. Saa za kule zilikuwa pana. Walitembea asubuhi nzima, wakarudi saa kumi kwa chai. Kyakimwa alizaliwa milimani, Lubero, mashariki mwa Kongo, na hakuwa amepanda mlima wa kweli tangu vita vimtoe kwao. Miguu yake ilifurahi kabla ya yeye mwenyewe kujua kama afurahi.

Walikuta nyumba za mawe zenye madirisha madogo kama matundu ya kuku. Walikuta nyasi zimerundikwa kwenye nguzo, na mwanamke aliyeanika sufu. Mwanamke huyo aliwapa kahawa nzito, mkate na chumvi, wala hakuwauliza majina. Mzee Ndue alieleza kwamba kwao mgeni haulizwi atokako mpaka ameshiba, na akiondoka, mwenyeji humsindikiza mpaka mahali mgeni atakaposema, Hapa panatosha. Mgeni akipatwa na jambo kabla ya hapo, aibu ni ya mwenyeji, na ya watoto wake.

"Na kwenu?" aliuliza mzee.

"Kwetu pia tunasindikiza," alisema Kyakimwa. "Lakini sisi tunasimama njiani tunaongea mpaka jua linazama."

Siku ya sita walifika juu kabisa, penye mpasuko kati ya miamba miwili. Upande wa pili Kyakimwa aliona mikaratusi, paa za mabati, matuta ya liki na kabichi yaliyoshuka mpaka mtoni, na moshi wa jikoni. Aliitambua nyumba ya mama yake kwa mlango wa buluu. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Mwaka ule ilikuwa kinyume, na si haki kuwalaumu wahenga, hakuna aliyewaonya.

Mama yake Kyakimwa alikuwa amekufa mwezi wa sita. Kyakimwa aliomba ruhusa ya kutoka Australia kwenda kuzika, akakataliwa kwa kukosa cheti cha hospitali, kwa kuwa mama hakufia hospitali, alifia kitandani mwake. Aliomba tena, wakamwambia maombi yako kwenye foleni. Mazishi yalipita. Lakini kwa ukoo wao matanga hayaondolewi mpaka mtoto wa kwanza afagie uwanja, na mtoto wa kwanza alikuwa yeye. Siku arobaini zilikuwa zimepita na ziada. Nduguze walikuwa bado wanalala nje juu ya mikeka, hawalimi, hawanyoi, wanamngoja. Kalume, mdogo wake, alipiga simu kila Jumapili, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, tuko tunakungoya. Wamama wanalala inje, na baridi ni mingi."

Sasa aliwaona kwa macho, wamejifunika mablanketi uwanjani, na uwanja umejaa majani makavu. Alitazama simu yake. Kutoka chumba namba kumi na nne mpaka mahali aliposimama zilikuwa kilomita tano kamili. Mpaka mlango wa buluu, mita mia saba zaidi.

Hapakuwa na polisi. Hapakuwa na mtu yeyote ila mbuzi wawili. Lakini Kyakimwa alikaa miaka kumi na moja kambini Uganda akijifunza kwamba mtu ni karatasi yake, na binti yake mkubwa, Ornella, alikuwa bado huko, faili lake mezani kwa mtu fulani ambaye angeweza kulifunga kwa kosa dogo tu la mama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kyakimwa alitoa mfukoni utepe mweupe na mwekundu aliouchukua stoo, ule wa kuzuia watu wasikanyage sakafu yenye maji, akaufunga kutoka mwamba huu mpaka ule, ili asije akasahau.

Kisha aliomba ruhusa ya mita mia saba. Alijaza fomu, Jerotich akamsahihishia Kiingereza. Jibu lilichukua siku sita. Kibali chake kilikuwa cha kazi, na kufagia uwanja wa marehemu si kazi. Walimpa pole, wakamshauri ahudhurie kwa video.

"Wamekunyima juu ya seven hundred metres?" Jerotich aliuliza.

"Wameninyima."

Jerotich alirekebisha barakoa yake. Yeye pia alikuwa na baba mgonjwa nyumbani, na fomu.

Siku iliyofuata Kyakimwa alibeba ufagio wa stoo bila kujua sababu. Walipofika kwenye utepe alisimama, akaushika ufagio kwa mikono miwili, na hapo alilia, ngao ya uso ikajaa ukungu asione kitu. Aliumia kuwa karibu hivyo. Afadhali bahari nzima kuliko mita mia saba.

Mzee Ndue aliuchukua ufagio mkononi mwake.

"Umetembea kwangu siku nyingi," alisema. "Hujaniambia, Hapa panatosha. Basi bado nakusindikiza."

"Mzee, utepe ni wa sisi wote wawili."

"Mimi nina miaka themanini na tisa. Watanirudisha wapi?"

Aliinua utepe, akapita chini yake, akateremka. Kigari alikiacha upande huu. Baada ya muda simu ya Kyakimwa iliita.

"Yaya," alisema Kalume, "kuko muzee muzungu anafagia parcelle. Tumuache?"

"Mumuache. Ni mie nimemutuma."

"Anafagia mubaya."

"Mumuache tu."

Mzee alifagia kama mwanaume ambaye hajawahi kushika ufagio, akiyarudisha majani pale alipoyatoa, lakini alifagia uwanja wote mpaka mlangoni. Nduguze Kyakimwa waliinuka. Walikunja mikeka. Mtu mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata, na Kyakimwa, peke yake kwenye utepe, alipiga makofi pia, glavu zikitoa sauti ndogo ya plastiki. Matanga ya mama yake yaliondolewa hivyo. Walimwekea mzee kiti, wakamletea bugali na sombe, kisamvu cha kwao, na kwa kuwa alikuwa mgeni hawakumuuliza jina.

Hakurudi. Kyakimwa alingoja mpaka saa kumi ikamkaribia, akarudi akisukuma kigari kitupu.

Uchunguzi ulichukua siku tatu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mzee wa miaka themanini na tisa aliona ni rahisi kuhamia Lubero kuliko kumwona binti yake wa Bankstown. Walimwuliza Kyakimwa alikuwa wapi, na simu yake ikathibitisha: kilomita tano, si hatua zaidi. Mzee aliandikwa kuwa amehama. Kyakimwa aliandikiwa barua ya shukrani kwa kutii masharti katika mazingira magumu, na meneja akaomba ibandikwe kwenye chumba cha chai.

Na kwa kuwa chumba namba kumi na nne sasa hakikuwa na mkazi wa kuambukizwa, Lule aliruhusiwa kuja. Mgeni mmoja, kwa muda wa saa moja, kwa barakoa, kuchukua vitu vya baba yake. Alikuja amevaa buti alizonunua kwa safari ile ya Mei. Hakugusa kabati. Aliitazama njia.

"Anakaa mbali?"

"Si mbali," alisema Kyakimwa.

Walipanda pamoja, wametengana mita moja na nusu. Lule hakusimama kwenye nyumba za mawe, ingawa alizigeukia. Kule juu walimwona mzee ameketi kwenye jua mbele ya mlango wa buluu, kofia magotini, akiwamenyea watoto viazi. Lule alimwita. Upepo ulikuwa unatoka huko kuja huku, na mzee hakusikia.

Lule alisogea, utepe ukamgusa kifuani. Aliutazama upande huu na upande ule, akitafuta mlinzi.

"Nani ameweka hii?"

"Ni mimi," alisema Kyakimwa. Na kwa kuwa upepo wa siku zile ulikuwa umelegeza fundo upande mmoja, aliinama akalikaza.